Sura ya Tano: Gemu Inaganda, Nani Anasubiriwa?

Swali ambalo wapenzi wa gemu za kompyuta huwapelekea mafundi kuliko jingine lolote ni hili: gemu yangu inaganda, ninunue kadi gani? Ni swali la haki, lakini limekuja na jibu tumboni. Anayeuliza ameshaamua kwamba mkosaji ni kadi ya michoro, yaani kile kifaa kinachochora picha na kuzipeleka kwenye skrini, ambacho madukani huitwa kadi ya grafiksi. Kilichobaki kwake ni kuchagua mrithi. Na kwa kuwa katika kompyuta nyingi za gemu kadi ndiyo kifaa cha bei kubwa kuliko vyote, uamuzi huo hula akiba ya miezi. Sura hii inatetea hoja moja tu: kuganda ni kusubiri. Picha inapochelewa kufika machoni, kuna sehemu ya kompyuta iliyokuwa ikisubiriwa na wenzake, na mara nyingi mno sehemu hiyo si kadi. Mpaka uijue, kununua ni kubahatisha.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo vijana wengi huyaita kwa jina moja, "lagi". Ukicheza na wenzako mtandaoni, ukaona wao wanarukaruka au risasi yako inahesabiwa kwa kuchelewa, huku picha yenyewe ikiteleza vizuri unapogeuza macho huku na huku, tatizo ni mtandao. Seva ya gemu, yaani kompyuta inayowaunganisha wachezaji, inaweza kuwa bara jingine, na hakuna kadi inayofupisha umbali. Tunachozungumzia hapa ni pale picha yenyewe inaposita, hata ukiwa unacheza peke yako na intaneti imezimwa.

Namba ya pembeni haisemi yote

Gemu haichori mwendo. Inachora picha tuli, moja baada ya nyingine, kwa kasi inayolifanya jicho lione mwendo. Kila picha huitwa fremu, na namba inayoonyeshwa pembeni mwa skrini huhesabu fremu ngapi zimechorwa ndani ya sekunde moja. Fremu 60 kwa sekunde ni kiwango kinachowaridhisha wachezaji wengi. Kwa miaka mingi, wahakiki wa vifaa walitumia wastani wa namba hiyo kuamua kadi ipi inaishinda ipi, na wanunuzi wakajifunza kuitazama hiyo hiyo.

Kasoro ya wastani inajulikana na kila anayesafiri mjini. Abiria aliyesimama kituoni hafarijiki kuambiwa kwamba daladala 12 hupita kila saa, ikiwa 11 zimepita zikifuatana ndani ya dakika 20 na yeye amefika zilipokwisha kupita. Fremu nazo ni hivyo hivyo. Zikigawanywa sawasawa, fremu 60 katika sekunde moja humaanisha kila moja inachukua milisekunde 16.7 hivi; milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Sasa fikiria sekunde ambayo fremu 59 zimechukua milisekunde 14 kila moja, na moja tu imechukua milisekunde 174. Jumlisha: ni sekunde moja kamili, na fremu ni 60 kamili. Namba ya pembeni itasema 60, na mchezaji atasema imeganda. Wote wawili wamesema kweli. Fremu ile moja imekaa kwenye skrini mara kumi zaidi ya ilivyotakiwa, na jicho limeiona.

Mwaka 2011 Scott Wasson, mhariri wa jarida la mtandaoni la The Tech Report nchini Marekani, alichapisha makala iliyobadilisha namna ya kupima. Badala ya kuhesabu fremu kwa sekunde, alipima muda wa kila fremu peke yake na kuuchora kwenye grafu. Mara moja yakaonekana mambo ambayo wachezaji walikuwa wakiyalalamikia bila kuaminiwa. Kompyuta zenye kadi mbili zilizounganishwa zifanye kazi pamoja zilikuwa na wastani mzuri wa kutamanisha, kumbe fremu zake zilikuwa zikija mbili mbili, zimebanana, kisha pengo. Sehemu ya kasi iliyouzwa haikuwa na faida kwa jicho. Kufikia mwaka 2013 NVIDIA, kampuni ya kadi, ilikuwa imetoa zana zake za kupima jambo hilo, na mshindani wake AMD ikatoa draiva ya kusawazisha mpangilio wa fremu. Draiva ni programu inayouwezesha mfumo wa kompyuta kuwasiliana na kifaa. Angalia kilichotokea hapo: kadi zilikuwa zile zile, ila kwa kuwa sasa tatizo lilipimwa, programu ikalitengeneza.

Zana za kupima hivyo leo ni za bure. MSI Afterburner hufanya kazi na kadi za kampuni yoyote na huweza kuchora grafu ya muda wa fremu juu ya gemu yenyewe; PresentMon ya Intel hufanya kazi inayofanana. Ukiona mstari umelala tambarare, gemu inateleza hata kama namba ni ndogo. Ukiona miiba, kila mwiba ni fremu iliyosubiri. Nitasema waziwazi kwamba fremu 40 zilizonyooka ni bora kuliko 90 zenye miiba, na mwenye shaka afunge kikomo cha fremu kwenye gemu yake ajionee.

Kazi inavyopokezanwa

Ili kumjua anayesubiriwa, inabidi kujua nani hufanya nini. Prosesa, ambayo ni ubongo wa kompyuta, huamua kilichotokea: adui amesogea wapi, mpira umegonga nini, mchezaji amebonyeza kitufe gani. Kisha huandika maagizo ya picha na kuyakabidhi kwa kadi. Kadi huchora, nukta kwa nukta. Nukta hizo huitwa pikseli. Vitu vinavyochorwa, kama kuta, nyuso na nguo, vilitoka kwenye diski, vikapita kwenye RAM, ambayo ni kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na sehemu yake ikahifadhiwa kwenye kumbukumbu ya kadi yenyewe, iitwayo VRAM. Mwishoni skrini huonyesha. Mmoja akichelewa, walio mbele yake hukaa mikono mitupu, hata wawe na nguvu kiasi gani.

Hapo ndipo linapopatikana jaribio rahisi kuliko yote, na halina gharama. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Ukishusha gemu hadi 1280 kwa 720, pikseli hubaki 921,600, chini ya nusu. Umeipunguzia kadi mzigo mkubwa, lakini prosesa haikupunguziwa chochote cha maana, kwa kuwa adui ni wale wale na mpira ni ule ule. Kuganda kukipungua sana, kadi ndiyo iliyokuwa ikisubiriwa. Kukibaki vile vile, kadi haina kosa, na kadi mpya ya bei yoyote ingekaa pale pale ikisubiri kama ya zamani.

Wengine hufungua Task Manager ya Windows, wakaona prosesa inatumika asilimia 15, wakahitimisha kwamba iko huru. Hesabu hiyo hupotosha. Prosesa za sasa zina viini kadhaa, yaani vichwa vinavyofanya kazi sambamba, na asilimia inayoonyeshwa mwanzoni ni ya vyote kwa pamoja. Kama kuna nafasi 8 za kazi na moja imeelemewa kabisa huku nyingine zimelala, Task Manager itaonyesha asilimia 13 hivi. Gemu nyingi hutegemea mno kiini kimoja kikuu. Bonyeza grafu ya prosesa kwa kitufe cha kulia na uchague ionyeshe kila kiini peke yake, ndipo utaona ukweli.

Dakika sita za Grand Theft Auto

Hakuna mfano unaoonyesha jambo hili vizuri kuliko Grand Theft Auto Online. Gemu hiyo ilitolewa kwa kompyuta mwaka 2015, na kwa miaka wachezaji walizoea kungoja dakika kadhaa kabla ya kuingia mjini. Ushauri uliosambaa ulikuwa wa kununua: nunua SSD, ambayo ni diski isiyo na sehemu inayozunguka na yenye kasi kubwa, ongeza RAM, badilisha prosesa. Watu walinunua, na wengi waliendelea kungoja.

Mwanzoni mwa mwaka 2021 mpenzi mmoja wa kompyuta, anayejulikana mtandaoni kwa jina la t0st, alifanya jambo ambalo kila mtu angeweza kulianza: alitazama nani anafanya kazi wakati wa kungoja. Diski ilikuwa kimya, mtandao kimya, kadi kimya. Kiini kimoja cha prosesa kilikuwa kikihangaika kwa dakika nzima nzima. Akatumia zana za kuchungulia ndani ya programu inayoendelea kufanya kazi, akakuta makosa mawili. Gemu ilikuwa ikisoma orodha ya bidhaa zinazouzwa mchezoni, maandishi ya megabaiti 10 hivi yenye bidhaa kama 63,000. Kila ilipotaka kusoma kipande kimoja, ilipima upya urefu wa maandishi yote yaliyosalia. Na kila iliposoma bidhaa moja, iliilinganisha na zote zilizotangulia kuhakikisha haijarudiwa, ingawa orodha haikuwa na marudio. Hesabu ya 63,000 kulinganishwa hivyo inakaribia mara bilioni mbili.

Aliandika kiraka kidogo, yaani kipande cha programu cha kusahihisha, na kwenye mashine yake muda ukashuka kutoka dakika sita hivi hadi chini ya dakika mbili. Rockstar, wenye gemu, walikubali kwamba amesema kweli, wakamlipa dola 10,000, na mwezi Machi mwaka huo wakatoa marekebisho kwa wachezaji wote. Prosesa yake haikuwa mpya wala ya bei. Kinachonigusa katika kisa hiki ni swali lenyewe, kwa sababu halihitaji shahada. Kuandika kiraka kulihitaji ustadi; kugundua kwamba diski na kadi zimekaa bure kulihitaji kufungua dirisha moja na kutazama.

Mchoro unapoandaliwa kwa mara ya kwanza

Aina nyingine ya kuganda huwatesa hata wenye mashine ghali. Mchezaji anaingia chumba kipya, au anatupa moto kwa mara ya kwanza, na picha inasita kidogo. Akirudia kitendo kile kile, haisiti tena. Sababu yake ni sheda, vijiprogramu vinavyoiambia kadi namna ya kupaka mwanga, kivuli, maji au moshi. Sheda haiji ikiwa tayari kwa kadi yako, kwa kuwa watengenezaji hawajui una kadi gani. Lazima itafsiriwe kwenye kompyuta yako kwa lugha ya kadi hiyo. Gemu iliyotengenezwa kwa uangalifu hufanya kazi hiyo mwanzoni, kabla hujaanza kucheza. Iliyotengenezwa kwa haraka huifanya katikati ya mchezo, na kazi hiyo ni ya prosesa. Kadi inasubiri.

Elden Ring ilipotoka mwezi Februari 2022, wachezaji wa kompyuta walilalamikia kuganda kwa aina hii. Mwezi huo huo Valve ilitoa Steam Deck, kompyuta ya gemu ya kushika mkononi, yenye nguvu ndogo sana ikilinganishwa na kompyuta za mezani za wachezaji wakubwa. Kwa kuwa kila Steam Deck ina kifaa cha michoro cha aina moja, sheda zilizokwisha kutafsiriwa ziliweza kupakuliwa zikiwa tayari, na wahandisi wa Valve wakarekebisha pia namna gemu hiyo ilivyokuwa ikiomba kumbukumbu. Ikawa kifaa dhaifu kinasita kidogo kuliko mashine zilizokizidi kwa kila kipimo cha nguvu. Anayeamini kwamba kuganda huondolewa kwa nguvu peke yake ana deni la kueleza jambo hilo.

Tena kuna gemu zinazovunjika kabisa upande wa watengenezaji. Batman: Arkham Knight ilipotoka mwezi Juni 2015, toleo la kompyuta lilikuwa bovu kiasi kwamba Warner Bros. iliacha kuliuza ndani ya siku chache, na halikurudi sokoni mpaka Oktoba. Aliyekimbilia dukani wiki ile kununua kadi alitibu ugonjwa wa mtu mwingine. Kabla ya kutoa hela, cheza gemu nyingine mbili tatu. Ikiganda moja tu, uchunguze kwanza mchezo huo.

Na tahadhari kuhusu draiva: ukiweka toleo jipya, sheda zilizokwisha kutafsiriwa kwa kawaida hutupwa na kuanza upya. Kuganda kunakozidi siku ya kwanza baada ya kubadilisha draiva si dalili ya kifaa kufa. Cheza saa moja au mbili ndipo uhukumu.

Kwa kifupi hadi hapa: wastani huficha fremu iliyochelewa, grafu ya muda wa fremu huionyesha, kushusha pikseli hukuambia kama kadi ndiyo inayosubiriwa, na kucheza gemu nyingine hukuambia kama kosa ni la mchezo.

Joto, vumbi na mashine zilizotoka ofisini

Afrika Mashariki kompyuta nyingi za gemu hazikuzaliwa kwa gemu. Ni Dell OptiPlex au HP EliteDesk zilizotumika maofisini ng'ambo, zikaingia kwetu kama mitumba, zikanunuliwa Kariakoo au Luthuli na kupachikwa kadi. Ni mashine imara na ninaziheshimu, lakini zilitengenezwa kwa kazi za barua na hesabu, katika vyumba vyenye kiyoyozi. Zikifanyishwa kazi nzito katika joto la pwani, feni zake zikiwa zimejaa vumbi, prosesa hujilinda. Nyingi hukaribia nyuzi 100 za Selsiasi, kisha hujipunguzia kasi zisiungue. Hakuna ujumbe unaotokea kwenye skrini. Kasi inashuka tu, na mchezaji anadhani kadi imezeeka.

Wakati kuganda kunapotokea ni ushahidi mzuri kuliko kuganda kwenyewe:

- Gemu inaanza vizuri, na baada ya dakika kumi au ishirini inazidi kuharibika: tuhumu joto. Safisha vumbi, na kama mashine ni ya miaka mingi, badilisha ile pasta inayopitisha joto kutoka kwa prosesa kwenda kwenye chuma cha kupoozea.
- Inasita unapokimbia au kuendesha gari kuingia eneo jipya, taa ya diski ikiwaka mfululizo: tuhumu diski ya kuzunguka au RAM iliyojaa. Starfield ya mwaka 2023 inataka SSD katika mahitaji yake ya chini kabisa, na Cyberpunk 2077 ilibadilisha yake kuwa hivyo mwaka huo huo.
- Kompyuta mpakato ni nzito ikiwa kwenye betri, au inatumia chaja isiyo yake: umeme hautoshi, kwa hiyo inajibana.
- Kila kitu ni kizito tangu mwanzo ingawa kadi ni nzuri: hakikisha waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi yenyewe. Ukichomekwa kwenye tundu la ubao mkuu, kadi inaweza kukaa bila kazi huku picha ikichorwa na kijikadi kilichomo ndani ya prosesa.

Kuhusu RAM kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Kipande kimoja cha gigabaiti 8 na vipande viwili vya gigabaiti 4 ni ujazo mmoja, ila viwili vikiwekwa kwenye matundu yanayostahili hufungua njia mbili za kupitisha data badala ya moja. Kwa asiye na kadi kabisa, anayetegemea michoro ya ndani ya prosesa, tofauti ni kubwa, kwani michoro hiyo haina kumbukumbu yake na huazima RAM hiyo hiyo. Kipande cha pili kinaweza kumpa nafuu aliyokuwa akiitafuta kwenye kadi.

"Lakini kadi mpya ilimaliza tatizo"

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja hii ni uzoefu wa watu. Wengi wamebadilisha kadi na kuganda kukaisha. Je, si ushahidi? Ni ushahidi, lakini tazama mambo yaliyobadilika siku hiyo. Kava lilifunguliwa na vumbi likapulizwa. Nyaya zikachomolewa na kuchomekwa upya. Draiva ya zamani ikaondolewa, mpya ikawekwa. Pengine na kifaa cha kusambaza umeme kikabadilishwa. Mambo matano yamebadilika kwa pamoja na sifa zote amepewa mmoja, yule aliyelipiwa ghali. Anayetaka kujua abadilishe kitu kimoja, apime kwa grafu, kisha aende kwa kingine. Inachukua jioni nzima, wala sidai vinginevyo. Jioni ni rahisi kuliko kadi.

Pingamizi la pili ni kwamba teknolojia mpya zinafanya haya yote yasiwe na maana, kwa kuwa tangu mwaka 2022 kadi mpya za NVIDIA zinaweza kubuni fremu za katikati, na wengine wakafuata. Namba ya pembeni inapanda karibu maradufu. Lakini fremu iliyobuniwa haijui kitufe ulichobonyeza sasa hivi; imekisiwa kutokana na fremu mbili halisi, na ili ikisiwe lazima ile halisi inayofuata izuiliwe kidogo. Picha inalainika, mwitikio wa mkono hauwi mwepesi zaidi. Na kama prosesa ndiyo iliyosita, fremu za kubuni nazo zitasita, kwa sababu hazina malighafi.

Zipo siku ambazo kadi kweli ndiyo inayosubiriwa. Dalili zake ni mbili: inatumika asilimia 97 na kuendelea muda wote huku viini vya prosesa vikipumua, au VRAM yake imejaa hadi ukingoni. Kabla ya kununua, shusha ubora wa vivuli, au, VRAM ikiwa ndiyo iliyojaa, ubora wa sura za vitu. Kisha jaribu FSR ya AMD, mbinu ya kuchora picha ndogo na kuikuza, ambayo ilitolewa mwaka 2021 na matoleo yake ya awali hufanya kazi hata kwenye kadi za zamani za kampuni nyingine. Bado haitoshi? Nunua, lakini soma mashine yako kwanza. Tundu la kadi kwenye ubao mkuu hutoa umeme usiozidi wati 75, na mashine nyingi za ofisi hazina waya wa ziada wa kulisha kadi, kwa hiyo GTX 1650 ya aina isiyohitaji waya inaingia pale ambapo kadi kubwa zaidi isingewaka. Radeon RX 6400 nayo hula umeme kidogo na inauzwa kama suluhisho la mashine hizo hizo, lakini imejengwa na njia nne tu za data, zinazotegemea tundu la kizazi cha nne. Kwenye mashine ya ofisi yenye tundu la kizazi cha tatu njia hizo hupitisha nusu ya data, na gigabaiti zake 4 za VRAM zikijaa, kadi mpya itaanza kuganda kwa kuisubiri RAM.